Tovuti ya nje imechukua video zetu: tuna haki gani, na tuanzie wapi?

Swali:

"Assalaam alaykum. Mimi na mwenzangu tuko Wete, tunapiga video za maisha ya Pemba: uchumaji wa karafuu, usukaji wa majamvi, mapishi ya kwetu, mchezo wa ng'ombe. Tunaziweka YouTube. Mwezi uliopita tumekuta tovuti ya nje inayokusanya video za utalii imeweka video zetu 14, na pembeni yake kuna matangazo. Ukurasa mmoja wa Facebook nao umeikata ile ya karafuu ikawa ya wima, na nembo yetu haionekani tena. Tulipomwandikia mwenye tovuti alijibu kwamba ametaja jina letu chini ya kila video, na kwamba kitu kikishawekwa mtandaoni ni cha watu wote. Wengine wanatwambia kwa vile hatukusajili popote, hatuna haki. Mwenzangu anataka tufute kila kitu. Tufanyeje?"

Jibu:

Waalaykum salaam. Kwanza kabisa, msifute kitu. Tarehe ambayo video yenu ilipanda YouTube ni ushahidi, na mkiifuta mnajivunjia ushahidi wenu kwa mikono yenu huku nakala ya mwizi ikibaki inatazamwa. Jengine ni kwamba malalamiko yenu mawili, la tovuti na la Facebook, yanaumiza sawasawa lakini huenda si jambo moja hata kidogo, na dawa zake ni mbali mbali.

Nianze na hayo mnayoambiwa, kwa sababu yanakukatisheni tamaa bure. Hakimiliki haitokani na usajili. Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa Berne mwaka 1994, na msingi wa mkataba ule ni kwamba kazi inalindwa tangu inapoundwa, bila ya kujaza fomu wala kugongewa muhuri, na inalindwa katika nchi zote wanachama. Hapa kwetu hakimiliki si jambo la Muungano: Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki Namba 14 ya mwaka 2003 na taasisi yake, COSOZA, na Bara wana Sheria Namba 7 ya mwaka 1999 na COSOTA yao. Kuandikisha kazi COSOZA nakushaurini mfanye, lakini kazi yake ni kukupeni karatasi ya kuonesha pakitokea ubishi. Haki yenyewe mnayo tangu siku ile mlipobonyeza kitufe cha kurekodi.

Kuhusu "kitu cha mtandaoni ni cha wote": karafuu zikianikwa kando ya barabara kila apitaye huziona na harufu yake huipata, lakini hakuna anayesema basi zimekuwa zake azizoe. Kuweka video wazi ni kumruhusu mtu aitazame. Ruhusa ya kuinakili na kuitumia kibiashara ni nyengine, na hamkuitoa.

Na kule kutaja jina? Mtunzi ana haki mbili tofauti. Moja ni ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, na ya pili ni ya kuamua nani ainakili na aitangaze. Aliyeandika jina lenu ametekeleza ile ya kwanza. Haikumpa ya pili.

Kuna hali moja tu ambapo maneno yake yanaweza kuwa na nguvu, na mwende mkaikague leo. Fungueni YouTube Studio, ile sehemu ya kusimamia chaneli yenu, ingieni kwenye maelezo ya kila video, bonyezeni kuonesha zaidi, kisha tazameni leseni. Kuna leseni ya kawaida ya YouTube, na kuna ya Creative Commons. Mkikuta mlichagua Creative Commons, hata kwa kubahatisha, mlimpa kila mtu ruhusa ya kuichukua video ile na kuitumia hata kibiashara, sharti akutajeni. Mnaweza kubadilisha sasa, lakini aliyeichukua kabla ya hapo ruhusa yake haiondoki. Ikiwa ni leseni ya kawaida, tuendelee.

Sasa tuje kwenye kiini chenyewe. Video yenu inaweza kuonekana kwenye tovuti ya mtu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupachikwa: tovuti inafungua dirisha tu, na mtazamaji akibonyeza, picha inatoka kwenye mitambo ya YouTube kama kawaida. Idadi ya watazamaji inaingia kwenu, tangazo likipita ndani ya dirisha lile hesabu yake ni ya chaneli yenu, na mkiifuta video kwenu na kwake inazimika. Ya pili ni kunakiliwa: mtu ameipakua video, akaiweka kwenye mitambo yake au chini ya akaunti yake. Hapo watazamaji ni wake, mapato ni yake, na nyinyi hamna mkono wowote juu ya nakala ile.

Tofauti hii ina uzito wa kisheria. Mlipojiunga na YouTube mlikubali masharti yanayoruhusu watu kupachika video kwa kutumia dirisha la YouTube lenyewe. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2014 kwamba kupachika video ambayo tayari iko wazi mtandaoni kwa ridhaa ya mwenyewe si kuitangaza upya kwa hadhira mpya. Nchini Marekani, mahakama ya rufaa ya California na majimbo ya jirani imeshika msimamo unaokaribiana na huo tangu 2007, na ikaurudia 2023: aliyehifadhi faili ndiye anayelionesha. Lakini mwaka 2021 ile mahakama ya Ulaya iliongeza jambo lenye faida kwenu. Mwenye kazi akiwa ameweka kizuizi cha kiufundi dhidi ya kupachika, au amemtaka mwenye leseni yake akiweke, mtu akakiruka, hapo amevunja haki. Kwa hiyo kile kisanduku kidogo cha "ruhusu kupachika" ndani ya YouTube Studio si pambo.

Mtajuaje ni ipi? Kwa kompyuta, fungueni ukurasa wa tovuti ile, ichezesheni video, kisha bonyezeni kitufe cha kulia cha kipanya juu ya picha. Ikitokea menyu ya YouTube yenye chaguo la kunakili anwani ya video, imepachikwa. Kwa simu, guseni kichwa cha video au nembo ya YouTube ndani ya dirisha. Ikikupelekeni kwenye chaneli yenu, imepachikwa. Kipimo kisichodanganya ni hiki: chagueni video moja kati ya zile 14, ondoeni tiki kwenye ruhusa ya kupachika, hifadhini, subirini dakika chache, kisha fungueni upya ukurasa wa tovuti. Ikitokea ujumbe kwamba mwenye video hakuruhusu ichezwe kwenye tovuti nyengine, ilikuwa imepachikwa. Ikiendelea kucheza kama hakujatokea kitu, ile ni nakala. Fanyeni hivyo kwa video zote 14 moja moja, kwani tovuti za kukusanya mara nyingi huchanganya: kumi zimepachikwa, nne zimenakiliwa.

Zilizopachikwa, uamuzi ni wenu na hauhitaji ugomvi. Tazameni kwanza takwimu za YouTube Studio kwenye vyanzo vya watazamaji, sehemu ya vyanzo vya nje, mtaikuta tovuti ile kwa jina na idadi ya watu iliowaletea. Mkikuta inakuleteeni watu wengi wenye kutazama kwa muda, mimi nisingeifunga. Mkikuta wachache tu na ukurasa umejaa matangazo, ondoeni tiki; mnaweza kufanya hivyo kwa video baadhi na kuacha nyengine. Jueni pia kwamba YouTube inakataza kufunika dirisha lake kwa tangazo au kitu chochote, na inataka ukurasa uwe na thamani yake wenyewe, sio uishi kwa video za watu tu. Tangazo likikaa pembeni ya dirisha huenda hamna la kufanya. Likikaa juu ya picha, hilo ni la kuripoti.

Zilizonakiliwa ndizo za kupigania, na kazi ya mwanzo ni kukusanya ushahidi kabla hamjamwandikia mtu tena, kwa sababu akistuka anaweza kuzihamisha. Kwa kila video pigeni skrinshoti ya ukurasa mzima, anwani ya juu ionekane pamoja na tarehe. Rekodini skrini kwa sekunde thelathini video ikicheza. Kisha hifadhini ukurasa ule kwenye hifadhi ya archive.org, ambako upande wa tatu asiye na maslahi anabakisha nakala yenye tarehe. Andikeni jaduweli: anwani ya video yenu, siku mliyoipandisha, anwani ya nakala, siku mliyoikuta, na dakika na sekunde zilizochukuliwa ikiwa si nzima.

Tafuteni na faili za asili. Ushahidi mzito kuliko wote ni kile ambacho mwizi hawezi kuwa nacho: picha kabla ya kuhaririwa. Kama kipande cha mchumaji akishuka mkarafuu kina sekunde 8 kwenye video iliyotoka, na nyinyi mna sekunde 40 za kipande hicho hicho, mkaweza kuonesha kilichotangulia na kilichofuata, ubishi umekwisha. Ndiyo maana kadi ya kamera isifutwe baada ya kuhariri. Wekeni vipande ghafi kwenye diski mbili, zikae nyumba mbili tofauti, maana unyevu wa huku hauna huruma na vyombo. Wala msitumiane faili za asili kwa WhatsApp kama video ya kawaida, kwani inaibana picha na kuondoa taarifa za ndani za faili. Ikilazimu, itumeni kama hati.

Hapo ndipo mnamwandikia mwenye tovuti. Barua iwe fupi na haina haja ya matusi: "Video zilizo kwenye anwani hizi ni kazi yetu, tulizichapisha kwanza tarehe hizi. Hatukukupa ruhusa ya kuzinakili. Ziondoe ndani ya siku 7, au tuwasiliane kuhusu malipo ya leseni. Muda huo ukipita tutapeleka taarifa kwa kampuni inayohifadhi tovuti yako." Iandikeni kwa lugha anayoisoma. Wengi huondoa hapo hapo.

Asipoondoa, mwacheni, mpandeni aliye juu yake. Kila tovuti imepangishwa mahali, na anayepangisha ana zaidi ya kupoteza. Ukiingiza jina la tovuti kwenye huduma za kutafuta usajili wa majina ya tovuti, utaona kampuni zinazohusika. Mara nyengine litatokea jina la Cloudflare, ambayo kwa kawaida haihifadhi video yenyewe bali inasimama mbele ya mhifadhi. Nayo hupokea malalamiko na kuyafikisha kwa mhifadhi halisi.

Kwa nini kampuni kubwa ya Marekani imsikilize mtu wa Wete? Kwa sababu sheria yao ya mwaka 1998, iitwayo DMCA, inaipa kampuni kinga ya kutodaiwa kwa makosa ya wateja wake, kwa sharti kwamba ikipata taarifa sahihi iondoe kazi iliyolalamikiwa haraka. Ikipuuza, kinga inaondoka. Na taarifa sahihi ina viungo vyake: saini yenu, hata ya kuandika jina kwa kompyuta; kuitaja kazi yenu; anwani kamili ya nakala, sio ya tovuti kwa jumla; mawasiliano yenu; tamko kwamba mnaamini kwa nia njema matumizi yale hayana ruhusa; na tamko kwamba maelezo ni sahihi na kwamba, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, nyinyi ndio wenye haki au mmeidhinishwa na mwenyewe. Kikikosekana kimoja, taarifa inaweza kuwekwa kando. Kosa linalowaangusha wengi ni kupeleka anwani ya ukurasa wa mbele wa tovuti badala ya anwani 14 za video 14.

Mjue na upande wa pili wa mizani. Mlalamikiwa anaweza kupeleka pingamizi, na akifanya hivyo kampuni huirudisha video baada ya siku 10 hadi 14 za kazi isipokuwa mmefungua kesi. Na anayedai uongo kwa makusudi anaweza kudaiwa yeye fidia. Kwa hiyo jikagueni: ule wimbo wa taarabu chini ya video ya mapishi mlipata ruhusa yake? Ile picha ya angani ya kisiwa mliipiga nyinyi au mliichukua mahali? Daini kile kilicho chenu tu, na mkitaje kwa dakika na sekunde. Mkimaliza, pelekeni ombi pia kwa Google ili kurasa zile zitolewe kwenye matokeo ya utafutaji. Hilo haliondoi nakala, lakini tovuti ya kukusanya ikikosa kutafutika huishiwa pumzi.

Sasa ule ukurasa wa Facebook. Hapo hakuna shaka, ile ni nakala, na fomu ya hakimiliki ya Facebook inamalizia kazi, kwa taarifa zile zile. Mkikuta nakala ndani ya YouTube yenyewe, fomu yao ina machaguo mawili: kuondoa mara moja, au kumpa mhusika siku 7 aondoe mwenyewe. Kuna pia kisanduku cha kuzuia nakala za video hiyo zisipandishwe tena, kitieni tiki. Akaunti inayokusanya maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 iko hatarini kufungwa, ndiyo maana wengi hutii.

Tahadhari moja hapa, khasa kwa wanawake wasiopenda majina yao yazagae: jina la mwenye hakimiliki huoneshwa mahali video ilipotolewa, na jina na barua pepe yenu vinaweza kumfikia mlalamikiwa. Jina la chaneli au la kampuni yenu linafaa kuwekwa kama mwenye haki pale lilipo la kweli, na fungueni barua pepe ya kazi hii tu.

Turudi kwenye nembo, kwa sababu hili litajirudia. Video yenu ya mlalo ina nukta 1920 kwa 1080. Mtu akiifanya ya wima ya 9 kwa 16 na kujaza skrini, kimo kinabaki 1080 lakini upana unaobaki ni kama nukta 607, chini ya thuluthi moja ya picha. Nembo iliyokaa kona ya kulia haikufutwa na mtu, imekatika yenyewe pamoja na zaidi ya thuluthi mbili ya kazi yenu. Dawa ni kuiweka ndani ya ule ukanda wa kati, baina ya nukta ya 656 na ya 1264, chini kidogo ya nusu ya kimo, ikiwa nyepesi ya asilimia 30 hadi 40 ili isikere. Isikae juu ya mbingu wala ukuta mweupe, ambapo programu huifuta kwa dakika moja. Chukueni ile picha ya mikono inayochambua karafuu na makonyo juu ya jamvi: nembo ikikaa baina ya vidole na rundo, juu ya zile rangi zinazochanganyika na kutikisika, anayetaka kuikata itabidi aikate mikono yenyewe. Ihamisheni mahali mara mbili tatu ndani ya video. Na jina la chaneli litajeni kwa mdomo katikati ya maelezo, sio mwanzo, kwa sababu mwanzo ndio unaokatwa.

Pana hatari moja ambayo watu wengi hawaijui mpaka iwafike. Anayekusanya video za watu anaweza kuzisajili kwenye mfumo wa YouTube unaotambua wenyewe video zinazofanana, kupitia kampuni ya usambazaji, kisha video yenu ya asili ndiyo ikapata dai kwamba ni yake. Msikubali dai kwa kudhani ni utaratibu. Pingeni, na ikiwa mnalipwa, pingeni ndani ya siku 5 ili mapato yote tangu siku ya dai yazuiliwe hadi ubishi umalizike. Mdai ana siku 30 za kujibu; akikaa kimya dai linaanguka.

Kuhusu ile njia ya malipo ya leseni iliyotajwa kwenye barua: msiidharau. Tovuti ya utalii inayotaka video 14 za Pemba inakwambieni kwamba kazi yenu ina soko. Mkikubaliana, iwe kwa maandishi: video zipi, zitumike wapi, kwa muda gani, malipo kiasi gani na lini, jina litajwe vipi na kiungo cha chaneli, na kwamba haruhusiwi kuzikata wala kumpa mtu mwengine. Andikeni wazi kwamba leseni si ya kipekee. Neno "kipekee" likipita bila kuonwa, mtajikuta hamruhusiwi kumuuzia mwengine. Kabla ya hapo, wewe na mwenzako wenyewe andikianeni ukurasa mmoja: nani anamiliki nini, nani anatia saini, mkiachana inakuwaje. Video nyingi za ushirika hushindwa kudaiwa kwa sababu wenye kazi hawakukubaliana wenyewe. Na wale mnaowapiga picha, wachumaji na kina mama wa majamvi, pateni ridhaa yao na ya matumizi ya biashara pia. Hakimiliki ya picha haikupeni ruhusa juu ya sura ya mtu.

Mengi ya hayo mnaweza kuyafanya nyumbani. Nendeni kwa mtu ana kwa ana ikiwa aliyechukua yuko hapa Visiwani, mathalan hoteli au kampuni ya matembezi imeifanya video yenu tangazo lake. Hapo COSOZA ndiyo ya kuanzia. Akiwa Bara, sheria ya kule na COSOTA ndizo zinazohusika. Nendeni kwa wakili mara tu mlalamikiwa akipeleka pingamizi, akikutishieni kukushitakini, au fedha ikiwa nyingi. Zile siku 10 hadi 14 ni chache na haziongezwi kwa sababu mko mbali. Wakili mkiwa hamumudu, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Pemba, Chake Chake, waulizeni. Kwa kesi ya Marekani kuna jambo la kumkumbusha wakili: kazi iliyochapishwa kwanza nje ya Marekani na mtu asiye wa huko haihitaji kusajiliwa kule ndipo ishitakiwe, lakini bila usajili wa mapema huwezi kudai kile kiwango cha fidia kilichotajwa na sheria, unabaki kuthibitisha hasara yako halisi.

Mkienda kwa yeyote kati ya hao, bebeni jaduweli lililochapwa, diski yenye vipande ghafi, skrinshoti na barua mliyomwandikia mwenye tovuti pamoja na jibu lake. Lile jibu la kwamba ametaja jina lenu lihifadhini vizuri kuliko yote: kwa mkono wake mwenyewe amekiri kwamba anajua kazi ni ya nani.